Ndoa za Lenzi Ndefu

Siku ya nne ya baraza la Mama Tulizo niliamka nikiwa na betri tatu kwapani na moja kati ya mapaja, kama kuku anayeatamia mayai asiyoyapenda. Si ugonjwa huo, ni utaalamu. Huku nyanda za juu, mwezi wa Juni, betri iliyolala mezani huamka ikidai imejaa, halafu baada ya dakika kumi inakata roho katikati ya sentensi ya mkubwa. Mpiga picha mwenye akili hulala na betri zake. Asiye na akili hujieleza ofisini kwa mkuu wa shule.

Nilikuwa Mpiga Picha wa Zamu, kidato cha tano, umri miaka kumi na saba, na nilikuwa nimechoka uchovu ambao usingizi hauugusi.

"Tweve," Lwitiko aliita kutoka kitanda cha juu. Lwitiko ndiye aliyekuwa msaidizi wangu wa kamera, na mshirika wangu katika dhambi nyingine zote. "Unadhani leo watamalizana naye?"

"Leo ni siku ya kufunga."

"Basi leo wanamfukuza."

Nilivaa sweta, nikazipeleka betri zangu kwenye bwalo zikiwa bado na joto.

Bwalo letu hulisha watu mia sita na hunuka maharage hata siku ya Krismasi. Mbele waliweka meza ya baraza: Bi. Ng'ondya, Afisa Picha wa Wilaya, katikati. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Kihwelo, kulia kwake. Na Luvanda, karani wa wilaya, kushoto, na mashine yake ya kutafutia picha. Wote watatu walikuwa na macho mekundu. Mama Tulizo, mpishi wetu mkuu, aliketi peke yake kwenye benchi la wanafunzi lililo fupi kwake, magoti yakikaribia kidevu.

Nilisimamisha stendi, nikaisawazisha mpaka kiputo cha hewa likakaa katikati ya kijicho chake cha maji. Nikazima kizuia-mtikisiko, kwa sababu kamera iliyosimama juu ya miguu mitatu, ukiiachia kizuizi hicho, huanza kuutafuta mtikisiko usiokuwepo, na asiye na tatizo akilitafuta hulipata. Nikavaa hedifoni. Kisha nikampa Mama Tulizo karatasi nyeupe.

Kabla ya baraza lolote kuanza, mtuhumiwa hushika karatasi nyeupe mbele ya kifua. Kisheria ni ishara kwamba hana cha kuficha. Kiufundi ni kwamba kamera haijui nyeupe ni kitu gani mpaka ionyeshwe. Taa za bwalo zina umanjano, madirisha yanaingiza ubuluu, na usipoielekeza mapema itawapa watu wote sura ya wagonjwa wa ini. Ndiyo maana siku hizi hakuna anayesema fulani ameshtakiwa. Watu husema, ameshika karatasi.

"Inua kidogo, mama," nikamwambia.

"Hapa?"

"Juu kidogo. Kivuli cha kidevu kinaingia."

"Mkono unauma, mwanangu. Siku nne hizi karatasi hii nimeishika kuliko mwiko."

Nikabonyeza. "Tayari."

"Nimekuwa mweupe?"

Wavulana wa benchi za nyuma wakacheka. Luvanda akagonga meza. "Mtuhumiwa asiongee na chombo!"

Chombo ndiyo mimi.

*

Sheria ya Muhuri ina miaka kumi na moja. Kabla yake, wakubwa wanatusimulia, mtu yeyote mwenye simu angeweza kutengeneza picha ya askofu akicheza ngoma uchi, na askofu asingekuwa na la kufanya isipokuwa kuhama dayosisi. Ndipo zikaja kamera za muhuri. Mwanga ukigusa tu kitambuzi ndani ya kamera, kila picha hupigwa muhuri usioghushika: saa, mahali, namba ya kamera, mipangilio ya lenzi. Ukibadilisha hata punje moja, taa ya kijani inakuwa nyekundu na wewe unakwenda jela. Watu wakapumua. Wakapumua mno, wakaamua kwamba vinywa vyenyewe havihitajiki tena. Ukisimama barazani leo ukasema "Mimi nilikuwepo, nikaona," karani atakujibu maneno mawili: neno halipokelewi.

Kila taasisi inatakiwa kupeleka dakika arobaini za picha zenye muhuri kwenye Daftari la Wilaya kila siku, ziwe na jambo au zisiwe nalo. Kikiingia kitu hakitoki. Na shule ya bweni, naapa kwa uji wake, haina dakika arobaini za mambo kwa mwezi, sembuse kwa siku. Kwa hiyo wapiga picha wa zamu hujaza kwa wanachokijua. Wenzetu waliotangulia walijaza kwa mawingu. Mimi na Lwitiko tulijaza kwa ndoa.

Ndoa inafungwa hivi. Unapanda juu ya tangi la maji, mbali na watu, na lenzi ndefu ya milimita mia nne. Lenzi ndefu haikusogezei mambo tu, inayabana. Watu wawili walioachana hatua ishirini, ukiwatazama kutoka hatua mia mbili na zaidi, hulingana kimo kana kwamba wamesimama bega kwa bega. Unafunga tundu la lenzi mpaka namba ishirini na mbili ili wote wawili wawe wakali, waonekane wazi. Ukiliacha wazi, mmoja atageuka ukungu na mzaha utakufa. Halafu unasubiri. Kusubiri ndiyo fani yenyewe. Tulimwoza kasisi kwa ng'ombe wa jirani, na busu lao lilidumu sekunde tatu. Tulimfanya Mwalimu Kihwelo abebe mlingoti wa bendera kichwani kama mama aliyetoka kisimani. Kila moja ilipita kwa taa ya kijani. Hatukubadilisha kitu. Mwanga ndio ulioingia.

Ndoa namba 413 ndiyo iliyokuwa ikionyeshwa ukutani kwa siku nne.

Ina sekunde kumi na moja. Mama Tulizo anatoka mlango wa nyuma wa jiko, ananyoosha mikono miwili yenye gunia. Kando ya uzio, mwanamume mwenye koti la mvua, pikipiki ubavuni, ananyoosha mikono yake. Gunia linashuka katikati yao. Mwanamume anainama. Picha inakatika. Inakatika kwa sababu nilikuwa nacheka, na kamera ikaanza kucheka pamoja nami.

Kati ya Mama Tulizo na yule mwanamume palikuwa na hatua ishirini na mbili, mtaro na uzio wa seng'enge. Mama alikuwa anakung'uta vumbi la gunia tupu. Mwanamume alikuwa msafiri wa barabarani, amesimama kunyoosha mgongo. Wiki moja baadaye gunia la maharage likakosekana stoo, Luvanda akaiambia mashine yake: tafuta gunia, mikono, uzio. Mashine ikamletea harusi yangu.

Siku ya kwanza Mama Tulizo alisimama akasema, "Muulizeni aliyepiga."

"Picha haina aliyepiga," Luvanda alimjibu. "Picha ina namba."

Nilirekodi majibizano hayo kwa sauti safi kabisa. Maikrofoni ilikuwa shubiri moja kutoka kinywani mwake, mahali panapotakiwa.

Na kwa nini nilinyamaza? Kufanya mzaha kwa chombo cha muhuri adhabu yake ni kufukuzwa siku hiyohiyo, bila mtihani wa mwisho, na kutoshika kamera maisha yako yote. Zaidi ya hayo, hata ningesema, neno lisingepokelewa. Sababu hii ya pili ilikuwa nzuri sana. Niliibeba siku tatu mfukoni kama cheti cha daktari.

Upande wa Mama Tulizo palikuwa na kazi ya miaka kumi na tisa, nyumba ya vyumba viwili ndani ya uzio wa shule, na uso wake. Aliyehukumiwa kwa picha hubandikwa kwenye lango la kila taasisi ya mkoa. Hakuna atakayemwajiri hata kuosha sufuria.

*

Saa nne wakatupa mapumziko. Uji ulikuwa umeungua. Tangu jiko limkose mwenyewe, alikuwa anapika mlinzi wa lango la pili, mtu mwenye nia njema na mkono wa shetani.

"Nimepata," alisema Lwitiko, akikwangua kikombe. "Tufunge ndoa nyingine."

"Sitaki kusikia neno ndoa."

"Sikiliza kwanza, bwana. Mwalimu Msigwa wa stoo, kila mchana anapita nyuma ya jiko na ndoo zake. Tunapanda tangini, tunamwoza na gunia. Luvanda anaiuliza mashine, mashine inamtoa Msigwa. Mama anaachia karatasi, Msigwa anaishika. Sisi hatujasema kitu, hatujafukuzwa."

"Na Msigwa?"

"Msigwa ana roho mbaya."

"Hilo si kosa."

"Alinichapa kwa ajili ya soksi!"

"Soksi zako zilistahili."

"Tweve, acha utani. Gunia lazima limeibwa na mtu. Mimi nahisi ni yeye."

"Na Luvanda anahisi ni Mama Tulizo. Tofauti yenu ni kwamba yeye ana skrini."

Aliniangalia kama mtu anayemtazama ndugu yake akiugua. Nami nakiri, kabla sijakataa nilikuwa nimeshapiga hesabu ya jua. Saa saba lingekuwa nyuma yetu, vivuli vifupi, vingeficha vizuri umbali wa miguu. Picha ilikuwa tayari kichwani, safi, yenye taa ya kijani. Naomba nisisifiwe kwa kuiacha. Nilimwona tu Msigwa ameshika karatasi, nami nikimwambia, inua kidogo, mwalimu, kivuli cha kidevu kinaingia. Na siku nne nyingine, na uji huu. Sikuwa na nguvu ya kumharibu mtu wa pili.

Nilitoka nje kubadilisha betri. Mama Tulizo alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya bomba, uso juani, macho amefumba.

"Ni wewe uliyekuwa tangini," alisema bila kuyafumbua. "Kioo kilinimulika usoni."

Betri ilinitoka mkononi. "Mama, mbona hukunitaja?"

"Nilisema wamuulize aliyepiga. Wewe ulikuwa umevaa hayo masikio yako. Hukusikia?"

"Nilisikia."

"Basi."

"Samahani, mama."

"Samahani yako nitaipika?" Akafumbua jicho moja. Halikuwa na hasira. Hasira inataka nguvu. "Nimechoka, Tweve. Kama una la kufanya, fanya. Kama huna, toka hapo, unanikinga jua."

Nikatoka kwenye jua lake.

*

Baraza halifungwi bila picha ya kufungia. Wajumbe wote na kielelezo, kwetu gunia tupu, hupigwa pamoja, picha inaonyeshwa ukutani mara moja, taa ya kijani ikiwaka ndipo hukumu inasomwa. Ni desturi tu ya kuthibitisha kwamba baraza lilikaa. Kwa kawaida humaliza dakika mbili, na watu huitumia kutafuta viatu walivyovua chini ya meza.

"Mheshimiwa," nilimwambia Bi. Ng'ondya, "humu ndani pana giza. Nikiongeza usikivu wa kamera picha itajaa chembechembe, wilayani wataikataa. Naomba tupige nje."

Kila neno lilikuwa kweli. Hivyo ndivyo nilivyolelewa na kamera ya muhuri.

"Nje pana upepo," alisema.

"Upepo naumudu."

Alipiga mwayo hadi machozi yakamtoka. "Haya. Haraka."

Uchovu wa wakubwa ni malighafi nzuri sana. Nilibeba kamera hadi goli la pili la uwanja wa mpira, hatua mia na hamsini kutoka walipokuwa wajumbe, nikaifungia lenzi ndefu. Nilishusha stendi hadi kimo cha goti, kwa sababu stendi fupi haiyumbi, nikaning'iniza begi la mawe katikati ya miguu yake. Tundu, ishirini na mbili. Kioo nikakipangusa kwa kitambaa chake, si kwa shati. Nilitumia kitufe cha waya. Mpiga picha anayetetemeka asiiguse kamera yake.

Lwitiko alikuwa upande wao, amebeba kipaza sauti cha mechi. Nilikuwa nimemweleza ninachotaka. Alikuwa amesema tu, "Utafukuzwa, mjinga wewe," kisha akaenda kunisaidia nifukuzwe.

"Mwalimu mkuu asimame hapa!" sauti yake ilikuja ikivunjwavunjwa na upepo. "Ashike kielelezo, mikono mbele, ageuke ubavu! Asante mwalimu! Mheshimiwa asimame kule penye bendera, anyooshe mikono kuielekea!"

"Kwa nini niielekee?" nilimsikia Bi. Ng'ondya kwenye hedifoni, kupitia maikrofoni yake ya kola ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima.

"Ni heshima kwa taifa, Mheshimiwa!"

Hakuna Afisa aliyewahi kupinga hilo. Akanyoosha.

Kwa aliyesimama pale, walikuwa watu wawili wasiohusiana, hatua kumi na tano kati yao, mmoja na gunia tupu, mwingine anainyooshea bendera mikono. Mimi nilihamia kushoto nusu hatua. Nikahamia tena kidogo. Ndani ya kioo mikono ikakutana.

Nikabonyeza. Sikucheka.

*

Ukutani picha ilionekana kubwa na nzuri. Mwalimu Kihwelo anatoa gunia. Bi. Ng'ondya, Afisa Picha wa Wilaya, analipokea kwa mikono miwili, nywele zinapepea, uso una ule mng'ao wa mtu anayepata kitu bure. Chini yake taa ya kijani.

Watu mia sita wakajaribu kutocheka kwa pamoja. Sauti yake ilikuwa kama ya sufuria inayochemkia ndani ya mfuniko.

"Hii nini?" alisema Bi. Ng'ondya. "Sikushika gunia. Nilikuwa naonyesha bendera!"

"Neno halipokelewi, Mheshimiwa," Luvanda akajibu. Yalimtoka tu, kwa mazoea ya miaka kumi na moja. Akajiziba mdomo kwa mkono.

Kicheko kikakatika. Tulimwona Bi. Ng'ondya akiitazama picha yake mwenyewe. Picha ilikuwa imeshaingia Daftarini. Haitoki.

Aliketi polepole. "Luvanda. Nisomee karatasi ya muhuri ya picha hii."

"Saa, mahali, namba ya kamera..."

"Lenzi."

"Mia nne, Mheshimiwa."

"Na ile ya mama huyu?"

Luvanda alipekua. Alichukua muda. "Mia nne."

"Iliandikwa humo tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Mstari wa sita."

"Na nani husoma mstari wa sita?"

Mlinzi aliyekuwa akipika alitoa kichwa dirishani mwa jiko, akakirudisha.

"Wewe," Bi. Ng'ondya aliniambia. "Zima kamera."

"Bila kamera si baraza, Mheshimiwa," Luvanda alinong'ona.

"Najua. Zima."

Nilizima. Nikachomoa na betri, nikaiweka mezani mbele yake ili kila mtu aione. Nikavua hedifoni. Bwalo bila hedifoni lina mwangwi, mtu anasikika mbali na mdogo.

"Sasa sema," alisema.

Nilisema. Nilisema tangi, na kasisi na ng'ombe wake, na hatua ishirini na mbili nilizokwenda kuzihesabu kwa miguu yangu mwenyewe jioni ya siku ya kwanza ya baraza, kisha nikanyamaza siku tatu. Nilipomaliza nilitegemea kujisikia mwepesi, kama wanavyoahidi kwenye mahubiri. Nilijisikia mtu aliyebeba stendi ya chuma kutwa nzima.

"Utaondoka kesho asubuhi," alisema Mwalimu Kihwelo. Hakukasirika. Alionekana kama mtu ambaye angependa kuondoka na mimi.

"Ndiyo, mwalimu."

Bi. Ng'ondya alisugua macho. "Washa chombo. Niseme picha 413 haitoshi kumhukumu mtu, mama arudi jikoni. Wilayani watanishikisha karatasi, lakini hilo ni la kesho. Washa tumalize."

Nilinyoosha mkono kuchukua betri.

"Asiwashe."

Ilikuwa ni Mama Tulizo. Alikuwa amesimama, na benchi fupi lilikuwa limeanguka nyuma yake.

"Umeshaachiwa, mama," Mwalimu Kihwelo alimwambia kwa upole. "Nenda kapumzike."

"Nimesikia, mwalimu. Kaeni."

Alikuwa ametulisha sauti hiyo miaka yote: panga mstari, rudisha sahani, kaeni. Mkuu wa shule akakaa. Luvanda, aliyekuwa ameinuka nusu, akakaa.

"Siku nne mmenitazama," alisema. "Mmenitazama mbele, mmenisogeza, mmenirudisha nyuma. Mkanisimamisha pale gunia liko hewani. Hata jina langu humu ndani ni namba. Sasa huyu kijana ametoa picha nyingine, ndipo mmeniamini. Ni picha tena. Mimi bado sijasema."

Bi. Ng'ondya alitazama saa ya ukutani. Alitazama mlango. Kisha akasogeza karatasi zake pembeni, akaweka mikono mitupu juu ya meza.

"Tunakusikia," alisema.

"Naitwa Skolastika Mwalongo," alianza Mama Tulizo, na mia sita tuliokula kwa mkono wake hatukuwa tumewahi kulisikia jina hilo. "Siku ile niliamka saa kumi alfajiri, kuni zilikuwa mbichi." Alisimulia kuni. Alisimulia moshi, na kikohozi chake, na magunia yalivyo na vumbi linalowasha koo, na kwa nini hulikung'uta kila gunia nje wala si ndani. Hakuruka kitu. Ilichukua muda mrefu, mgongo uliniuma, na sikuwa na kamera ya kujificha nyuma yake. Mikono yangu haikujua ikae wapi. Nikaifumbata, nikasikiliza.